Kumtunza Pamba, Mbwa wa Meneja

18 Januari, Jumapili

Leo nimekabidhiwa mbwa. Sikumwomba, sikumtaka, na bado sielewi ilivyotokea.

Nilipotoka misa nilikuta gari la meneja wa kampuni yetu ya ufuta limesimama mbele ya nyumba ninayopanga, vioo vimefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Bosi Richard alishusha kioo kidogo akaniambia anakwenda Dar es Salaam kwenye kozi ya uongozi, wiki mbili tu, na mlinzi wake amekataa kumshika mbwa kwa sababu za dini. "Sisi watu wa bara mbwa tumewazoea, Petronila," alisema. Sikumwambia kwamba mbwa pekee niliyepata kumjua kwetu Njombe ni wa jirani, naye alinirarua sketi nikiwa darasa la tatu. Nilisema sawa, bosi. Niko kwenye kipindi cha matazamio mpaka mwisho wa Machi, na atakayeamua nithibitishwe kazini au nirudi kwetu ni yeye.

Mlango wa nyuma ulipofunguliwa kiliruka kitu cheupe kikubwa kama beberu, kimejaa manyoya kama godoro lililopasuka. Kiliniwekea miguu kwenye gauni la kanisani kikanilamba kuanzia kidevuni hadi jichoni. Mate yake ni mazito na ya moto, kama uji uliolala. Nilijifuta kwa kitambaa, kisha kitambaa nikakitupa.

Anaitwa Pamba. Babu zake, kwa maelezo ya bosi, walikuwa wakivuta magari juu ya barafu. Akimbizwe asubuhi na jioni. Ale kuku wa kuchemsha asiye na chumvi. Anywe maji ya baridi. Achanwe kila siku. Na nisithubutu kuyagusa manyoya kwa mkasi, kwa sababu baada ya Idd atakuwa zawadi ya binti wa mkurugenzi wa kanda, na manyoya ndiyo mbwa mwenyewe.

19 Januari

Bi Mwanabibi, mwenye nyumba, aliniita baada ya magharibi. Ni mjane, anauza vitumbua kibarazani, na tangu nihamie hapa hajawahi kunipandishia sauti. Jana alipomwona mbwa alisogeza tu kiti chake nyuma. Leo alinipa masharti. Mbwa hakai ndani ya ua. Anakaa nje ya uzio wa makuti, nyuma ya choo, kwenye kibanda kilichokuwa cha kuku. Ndoo yake ni yake, sufuria yake ni yake. Nikishamgusa nisiguse mlango wala kamba ya nguo kabla sijanawa. Akilamba chombo cha nyumba hii, kitaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mwoshaji ni mimi.

"Sikuchukii, mwanangu," alisema. "Na huyo naye simchukii, kaumbwa na aliyeniumba mie. Lakini mie naswali humu."

Nilisema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa zaidi ya alivyodhani. Mimi siswali humu, lakini nakula humu.

22 Januari

Manyoya yapo kwenye wali, kwenye mswaki na kwenye daftari la mapokezi ya ghala. Leo mkulima kutoka Ngorongo, aliyekuja ofisini kuulizia mbegu za ufuta, alinitolea unyoya mmoja begani kwa ncha za vidole, akautazama, akauliza kama nafuga kondoo.

25 Januari

Kumkimbiza Pamba si kukimbia. Ni kuvutwa. Saa kumi na mbili asubuhi ananitoa mlangoni kama gunia, tunapita nyuma ya stendi, ananusa kila kilichooza na kula nusu yake. Leo amekula kichwa cha samaki, pempasi iliyotumika, na kitu cha tatu ambacho sikitaji. Kisha akataka kunilamba. Jua lilikuwa halijapanda na blauzi yangu ilikwisha kulowa. Watu walioketi kwenye genge la chai walituacha tupite, halafu mmoja akauliza kwa upole nani anamfuga mwenzake.

Nikaendelea kuburutwa.

30 Januari

Hakuna umeme tangu asubuhi. Anahema. Ananuka.

2 Februari

Wiki mbili zimetimia. Nilimpigia bosi kwa heshima zote nikauliza anarudi lini. Alisema kozi imeongezwa. Nyuma yake nilisikia fundi akiomba tofali. Aliniuliza kama Pamba anachanwa, nikasema anachanwa. Hakuuliza kama mimi nalala.

7 Februari

Leo Pamba amekata kamba. Aliingia uani akizunguka kwa furaha yake ile isiyo na sababu, akaruka meza, akatumbukiza mdomo wote kwenye beseni la unga wa vitumbua uliokuwa umeumuka tayari kwa kukaangwa. Akalamba. Akatazama juu, pua nyeupe, mkia unapiga huku na huku.

Bi Mwanabibi alisimama na mwiko mkononi. Alifunika jiko, akaingia ndani. Hiyo ndiyo kazi yake ya siku, na imekwenda.

Niliumwaga unga. Nikachimba udongo safi mbali na choo, nikaosha beseni mara saba huku machozi yakinitoka, si kwa huzuni, kwa kinyaa: ule unga uliochachuka uliochanganyika na udenda na manyoya unaganda chini ya kucha. Nilipofika mara ya tano alikuja Mudy, mtoto wa dada yake Bi Mwanabibi, mwenye saluni ya kunyolea wanaume kona ya pili. Alisimama mbali akatazama, akacheka mpaka akashika magoti.

"Dada Petro, una mkono mzuri wa kuosha. Ukifukuzwa kazi njoo saluni."

Hakujua ameligusa jambo lenyewe. Kwa nini watu husema "ukifukuzwa kazi" kirahisi hivyo?

8 Februari

Bi Mwanabibi amekaanga kama kawaida. Beseni ni jipya. Lile nililoliosha limegeuzwa chini nje ya uzio.

14 Februari

Joto. Bosi ameweka picha WhatsApp: yeye na Pamba, picha ya mwaka jana, chini yake ameandika "Wikiendi na mwanangu". Watu arobaini na kitu wamependa. Wakati huohuo mwanawe alikuwa nyuma ya choo changu akila kinyesi cha paka.

19 Februari

Mwaka huu Kwaresma na Ramadhani zimeanza pamoja. Nyumba nzima imefunga. Mimi nimejinyima nyama mpaka Pasaka, halafu kila mchana nachemsha kuku wa mbwa, na harufu inapita juu ya uzio hadi puani mwa watu wenye njaa. Nimehamisha jiko langu mara tatu kuufuata upepo. Hakuna aliyelalamika, na hilo linaniumiza zaidi.

24 Februari

Kuna harufu mpya. Si ile ya mbwa; hiyo nimeizoea kama mtu anavyozoea kero. Hii ni tamu, kama embe lililoiva kupita kiasi ndani ya mfuko wa plastiki.

1 Machi

Mvua kubwa usiku kucha. Kibanda cha kuku kinavuja. Pamba amelowa hadi kwenye ngozi na hakauki. Manyoya yanashika maji kama sponji. Nimemchana, kitana kimekwama mgongoni, akapiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Sikuchana tena.

4 Machi

Leo nimetazama. Nimeogopa siku tatu, leo nimetazama.

Niliachanisha manyoya ya mgongo kwa vijiti viwili. Chini yake ngozi haikuwepo. Palikuwa na kitu chekundu kinachong'aa, usaha wa kijani pembeni, na katikati yake kulikuwa na mwendo. Funza. Wengi, weupe, wanene, vichwa chini. Nilikimbia, nikatapika kwenye migomba, nikarudi, nikatapika tena.

Bwana mifugo yuko visiwani kwenye delta hadi mwisho wa mwezi, lakini alipokea simu. Alisema bila kufikiri: mnyoe mwili mzima, ngozi ipate hewa, toa funza, osha kwa maji ya chumvi, atanitajia dawa ya kununua. Usiponyoa hamalizi mwezi.

Nikampigia bosi. Nikamweleza kidogokidogo, nikitafuta maneno yasiyomkera. Aliniambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba mkurugenzi ameshamwonyesha binti yake picha. Alisema, "Petronila, mimi mwenyewe nina mtu juu yangu. Ukimnyoa huyo mbwa umeninyoa mimi." Akakata.

Nimekaa na simu mkononi. Miezi mitano nimemwogopa mtu huyu, na leo kwa mara ya kwanza nimesikia sauti yake ikitetemeka kama yangu. Nilidhani ningemhurumia. Nimeona kinyaa, kama mtu anayekuta nywele zake mwenyewe kwenye chakula.

6 Machi

Nimemwandikia tena. Amesoma, hajajibu.

7 Machi

Pamba hakuvuta kamba leo. Alitembea kando yangu. Nilikuwa nikiomba siku moja atulie, na sasa katulia, na sipendi.

8 Machi

Bi Mwanabibi alikuja hadi kwenye uzio, ushungi umefunika pua.

"Anaoza akiwa hai," alisema. "Mie simgusi, lakini macho ninayo. Unangoja ruhusa ya nani?"

Nilisema ya bosi.

"Bosi wako yuko wapi?"

Alirudi jikoni. Baada ya muda alinisukumia chini ya uzio, kwa mguu, kopo la chumvi ya mawe.

10 Machi

Nimemnyoa. Tuseme, amenyolewa.

Mkasi wangu wa ofisini uliingia kwenye yale manyoya ukakwama. Wembe ulikuwa kichekesho. Nilikwenda kwa Mudy saa nane mchana, saa ambayo kwa mfungo huu mtaa mzima umelala, nikamweleza nikiwa nimesimama nje. Nilidhani atacheka. Hakucheka, alikwisha kumwona Pamba jana akijiburuza. Akatazama barabara kushoto na kulia.

"Dada Petro, mie naishi kwa vichwa vya watu. Nusu ya mtaa huu inanyolewa hapa kwa Idd. Wakijua mashine yangu imepita kwa mbwa, nimekwisha. Siyo kwa Idd hii tu. Nimekwisha."

Nilisema basi, nisamehe. Nilikuwa nimeshageuka aliposema nimlete kwa mlango wa nyuma.

Tulifunga madirisha. Joto la mle ndani na ile harufu vilikuwa kama kuvuta pumzi kwenye mdomo wa mtu mgonjwa. Mudy, midomo imekauka kwa saumu, alijifunga fulana puani akawasha mashine. Nikajiandaa kuburutwa. Lakini Pamba aliposikia ule mngurumo alitulia, akaegemeza kichwa kwenye paja langu, akaniachia udenda hadi kwenye viatu.

Manyoya yalitoka kwa vipande vizima, kama mtu anayechuna ngozi ya kondoo. Chini yake kulikuwa na mbwa mwembamba kiasi kwamba niliona aibu. Mbavu. Kupe wa kijivu waliovimba kama punje za mahindi, wamejipanga nyuma ya masikio. Tulipofika mgongoni funza walianza kudondoka kwenye vigae, na sauti yake, ule mdondoko mdogo wa maji, nitaikumbuka. Nilitapika kwenye ndoo ya Mudy mara mbili. Yeye hakutapika. Aliomba radhi kwa Mungu wake taratibu na kuendelea, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa muuguzi yeyote niliyemwona.

Nilipeleka ndoo nje, nikamwaga, nikasuuza, nikakawia kwa makusudi kuvuta hewa. Niliporudi alikuwa amemaliza kichwa. Alirudi hatua moja nyuma, akainamisha shingo kutazama kazi yake, kisha akachukua kioo cha mkono akakishika nyuma ya kisogo cha Pamba, vile anavyowaonyesha wateja.

Ndipo sote wawili tulipoona. Juu ya sikio la kushoto alikuwa amechora mistari miwili sambamba, safi kama iliyopigwa rula.

Hakuna kichwa kilichotoka saluni ile bila mistari hiyo. Inajulikana kuanzia stendi hadi mji wa jirani wa Bungu. Mkono wake uliichora peke yake.

"Mungu wangu," alisema Mudy, akaketi sakafuni.

Tulijaribu kuifuta, lakini nywele za pale zilikwisha kuwa fupi, mistari ikazidi kuonekana. Kisha akafanya alilopaswa kufanya kwa dini yake: akafungua mashine, akayaosha meno ya chuma ya kunyolea kwa udongo na maji, akarudia kwa maji matupu hadi saba zikatimia. Alipoifunga na kuichomeka, haikuwaka. Alinitazama. "Hata ingewaka," alisema, "nisingeiweka kichwani pa mtu." Akaifunga kwenye mfuko akaenda kuitupa chooni. Kesho anakwenda Bungu kuazima nyingine kwa rafiki yake.

Hivyo hakuna kichwa cha Mwislamu kitakachoguswa na mashine iliyomgusa Pamba. Huo ndio ukweli wote. Nauandika hapa kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kuusema ukaaminika.

11 Machi

Ngozi yake ni ya waridi, yenye madoa, kama mtoto wa panya. Nimemwosha kwa maji ya chumvi. Nimemfunga kanga kuukuu kichwani kuficha mistari. Ameila kanga.

13 Machi, Ijumaa

Maskini ya Mungu, amepata nguvu.

Mchana nilifungua kibanda kumpa dawa, akapita katikati ya miguu yangu. Alikwenda mbio uchi wake wote, waridi na madoa na vidonda, kupita genge la chai, kupita stendi, hadi mbele ya msikiti watu wakitoka swala ya Ijumaa. Nilifika nikiwa na kiatu kimoja. Umati ulikuwa umefunguka njia pana, kila mtu amekusanya kanzu yake, na Pamba katikati anazunguka akijaribu kushika mkia wake.

Mzee mmoja anayeitwa Tabu, muuza mikeka, alimtazama kutoka mbali. "Huyu kanyolewa kwa Mudy," alisema. Watu wakacheka sana. Nilicheka pia, Mungu anisamehe. Kisha kicheko kikapungua, na nikaona watu wawili watatu wakijipapasa juu ya sikio.

14 Machi

Mudy anasema mzaha ule sasa umekuwa swali. Wanakuja mlangoni, hawaketi. Wanauliza mashine ile ya zamani iko wapi. Akisema imeharibika, wanatazamana.

15 Machi

Kiti cha saluni hakikuwa na mtu nilipopita asubuhi, wala nilipopita jioni. Kijana wa jirani amekwenda kunyolewa Ndundu, nauli juu yake.

Bi Mwanabibi hajaniuliza kitu. Amesema tu, akigeuza vitumbua vya kufuturu, kwamba Mudy, tangu afiwe na baba yake, anaishi kwa saluni ile tu, na kwa pesa yake ndiye aliyeezeka upya chumba hiki ninacholala. Hakuniangalia akisema.

16 Machi

Bosi anakuja kesho. Ameandika maneno manne: "Kesho mchana. Muandae Pamba."

Nimefikiri kila njia. Nikimwambia bosi ukweli, atakwenda saluni kumfokea Mudy mbele ya mtaa, namjua, na hapo hakutabaki swali. Nikimwambia alinyolewa na fundi wa mahali pengine, atataka jina. Nikimwambia sijui, ataniuliza kazi yangu ilikuwa nini. Kuna jibu moja tu ambalo halina mtu wa kufuatwa nyuma yake. Nimelijua tangu jana.

17 Machi

Alifika saa saba na nusu. Alishuka akiwa na mkufu mpya wa mbwa mkononi, mwekundu, una kengele. Nilimtoa Pamba nyuma ya uzio mwenyewe.

Bosi Richard hakumtambua. Alitazama nyuma yangu, akingoja mbwa mwingine. Pamba ndiye aliyemtambua. Aliruka akamwekea miguu kwenye shati la bluu, na kidonda cha mgongo kikapakaza dawa ya zambarau hadi kwenye tai. Bosi alimpiga teke la kifua. Si la hasira hata. Vile mtu anavyosukuma takataka.

"Nani kafanya hivi?"

Alisema kwa sauti kubwa, na sauti kubwa kwenye mtaa uliofunga huleta watu. Walisimama barabarani, wengine juu ya kibaraza cha jirani. Mzee Tabu alikuwepo. Mudy alikuwepo, nyuma kabisa, mikono mfukoni. Nilimwona akitazama chini.

Bosi aliisogelea mistari, akainyooshea kidole. "Hii ni kazi ya kinyozi. Niambie kinyozi gani. Nitamfuata sasa hivi."

Nilisema, "Ni mimi, bosi."

"Wewe nini?"

"Nimemnyoa mimi. Hapa nyumbani. Kwa mkasi na wembe. Mistari nimeiiga, nilikuwa naiona kwa vijana."

Alicheka. "Wewe? Wewe unayeogopa hata kubisha mlango wangu?"

Hilo lilikuwa kweli kabisa, na kila mtu aliweza kuliona. Nilisikia mtaa ukingoja. Nikaingia chumbani nikatoa wembe. Nikapiga magoti kwenye matope, nikambana Pamba kichwa katikati ya magoti yangu, nikalowesha kwa mate yake mwenyewe kwa sababu maji hayakuwepo karibu, nikachora mstari juu ya sikio la kulia. Udenda wake ulipita kwenye sketi hadi mapajani. Pumzi yake ilinuka samaki. Alitaka kucheza, alidhani ni mchezo. Nilijikata kidole gumba, damu yangu ikachanganyika na vinyweleo na ute, nikachora wa pili.

Mistari ilitoka imepinda kama njia ya konokono. Mtu yeyote ambaye angesogea hatua tano angeona kwamba mkono uliochora kulia haukuchora kushoto. Lakini hakuna aliyesogea. Ni Ramadhani, wamevaa nguo za swala, na mbwa alikuwa akijikung'uta udenda pande zote. Walisimama palepale walipo, wakaona mistari miwili huku na miwili huku.

Wakamgeukia Bi Mwanabibi, mwenye nyumba, aliyekuwa mlangoni na tasbihi. Nilijua hatasema uongo kwa ajili yangu, wala kwa ajili ya mtoto wa dada yake, siyo kwenye mwezi huu.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Haya, jua linachoma, kila mtu na kwake."

Mzee Tabu alitema mate pembeni. "Watoto wa kike siku hizi wana kazi," alisema, na watu wakaanza kuondoka wakicheka. Wakinicheka mimi. Sauti ya Mudy sikuisikia.

Bosi alibaki akijipangusa tai kwa kitambaa. Aliniambia hathibitishi mtu asiyejua maana ya amri. Aliniambia matazamio yangu yanaongezwa miezi sita, ghalani Bungu, si ofisini tena, na nishukuru. Nilimtazama akisema, na kwa mara ya kwanza niliona jasho lililojikusanya juu ya mdomo wake, na vidole vikihangaika na mkufu ule. Hakuwa ananiambia mimi, alikuwa anajisomea atakayomwambia mkurugenzi. Nikauliza mbwa anamchukua saa ngapi.

"Mbwa gani?" alisema. Akapanda gari. Mkufu aliuacha umeanguka kwenye matope.

18 Machi

Nimeosha sketi mara nyingi, harufu haitoki. Nimeitupa.

Bi Mwanabibi amesema mbwa sasa hana mwenyewe, na asiye na mwenyewe hula risasi za wasafisha mji. Amesema pia kwamba masharti ni yaleyale. Nyuma ya choo. Ndoo yake ni yake. Nikasema kwani nimesema nabaki naye? Akasema hajanisikia nikisema nabaki naye wala namwacha.

19 Machi

Nimepanda basi kwenda kuliona ghala la Bungu. Popo, vumbi la ufuta, panya waliokufa ndani ya magunia. Mlinzi wa pale anasema mbwa angefaa. Nilisema nitafikiri.

21 Machi, Idd

Asubuhi nimemtoa Pamba kukimbia, kwa sababu asipokimbia anakula mlango. Mtaa ulikuwa mweupe kwa kanzu. Jana kutwa hadi usiku saluni ya Mudy ilikuwa na foleni hadi barabarani, Bi Mwanabibi ameniambia, na vichwa vyote nilivyopishana navyo leo vilikuwa vipya, vinang'aa mafuta.

Watu walinipisha njia pana, mimi na mbwa wangu wa waridi. Baadhi walicheka. Mama mmoja alifunika sinia la biriani kwa kanga tulipokaribia. Pamba alikojoa kwenye kila nguzo ya umeme na, kwa kuwa ni Idd, amepata mfupa fulani wa siku nyingi mtaroni, akaubeba mdomoni akinitazama kama vile ni kwa ajili yangu.

Mudy alikuwa mlangoni pa saluni na wateja wake, kanzu mpya, soda mkononi. Nilipofika mbele yake niliinua mkono kidogo tu, usawa wa kiuno. Aligeuza uso akaendelea kuzungumza na mteja.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa, watu wasije wakatuunganisha, na itabidi iwe hivyo muda mrefu. Nilivuta kamba, tukapita.